Kiti cha Somo Yake

Barua ilikuwa na jina lake, herufi kwa herufi, lakini nyumba haikuwa yake. Fundi cherehani aliliona hilo tangu siku ya kwanza. Namba iliyoandikwa, kumi na saba, ni kwa somo yake, mwenye jina lilelile, mfuaji wa nguo za hospitali, ng'ambo ya barabara, mtaa wa chini. Fundi mwenyewe anakaa sabini na moja. Tarishi alichanganya. Barua ilisema bahati nasibu imemwangukia, awe mmoja wa wakazi thelathini na watano watakaoamua, badala ya madiwani, bomba jipya la maji lipite wapi.

Angeweza kuvuka akaipeleka. Lakini nani aliwahi kumuuliza yeye neno zaidi ya upindo na vifungo? Akavaa gauni lake zuri, akaenda kikaoni mwenyewe. Mlangoni walitazama jina tu.

Siku ya kura, mhandisi alieleza kwamba bomba la mtaa wa juu litakamilika upesi kuliko la mtaa wa chini. Fundi, ambaye kwake maji hayajapata kukatika, akanyoosha mkono. Mtaa wa juu ukashinda kwa kura moja.

Juma lililofuata somo akaja kupunguziwa sare.

"Nimekonda, somo yangu. Ndoo nane kila asubuhi kabla ya kazi, utanenepa wapi?" Akacheka. "Lakini nimefurahi walivyokuokota wewe. Angalau mmoja wetu kaingia."

Fundi akajichoma sindano. "Hawakuniokota mimi," akasema, akaitoa barua kwenye droo. "Ni wewe."

Somo akaisoma mara mbili. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Na mkono ulinyoosha upande gani?"

Fundi akainamia sare iliyo mapajani.

"Bora ungeninyang'anya mume," somo akasema. "Tungegombana, yakaisha."

Kesho yake wakaenda ofisini pamoja. Karani alikuna kichwa. "Muda wa pingamizi ni siku saba tangu kura, mama. Umekwisha jana."

Jana! Fundi alitamani ardhi ipasuke. Somo akapewa kiti chake kwa vikao viwili vilivyobaki, vya taa za barabarani.

Nyumbani mume wa fundi alimwambia mkewe yaliyopita si ndwele. Fundi akamkaribisha somo achote maji kwake wakati wowote. Alikuja siku moja tu, akashukuru kama mgeni, akajitwika ndoo yake. Hakurudi. Alisema kwa fundi ni mbali.