Kishapu Amegoma Kustaafu

Leo maksai wangu amegoma kustaafu, na mashahidi ninao.

Anaitwa Kishapu, jina la kwetu, nilikotoka kijana nikiswaga ng'ombe wa baba kuja huku Usangu.

Mwanangu Masanja aliona amezeeka.

"Baba, wewe ulistaafu ualimu ukafanyiwa sherehe. Maksai akistaafu ni mnadani, kwa wachinjaji."

Mnunuzi aliyemwita alishamfunga Kishapu kamba.

Masanja akafunga nira maksai mpya pamoja na yule aliyezoea kulima na Kishapu siku zote. Yule mwenzake Kishapu akalala chini palepale shambani! Akabembelezwa, akachapwa, wapi.

Ndipo Kishapu akamponyoka mnunuzi, akaenda taratibu mpaka kwenye plau, akasimama upande wake wa kulia na kuinamisha shingo.

Mwenzake akainuka.

Tulipowafunga nira, wakalima jaruba zima la mpunga.

Mnunuzi akakunja kamba yake. "Mzee, huyu msimuuze. Huyu ni mwalimu wa zamu."

Masanja amekubali: Kishapu atalima asubuhi tu, kisha malishoni.

Mke wangu bado anacheka. "Nina wastaafu wawili, hakuna anayejua kukaa nyumbani."

Wastaafu wenzangu, ninyi mmeweza?