Kioo cha Duka la Kijiji

Jumanne nilitumwa sukari kwenye duka la kijiji, nikamkuta fundi kutoka Musoma juu ya ngazi. Alikuwa anafunga kioo kikubwa cha mviringo, kikituelekea sisi wa foleni.

"Sukari inapoteaga sana hapa," muuzaji alitueleza. "Sasa nitawaona wote."

Mbele yangu alisimama bibi aliyetaka sukari ya uji wa binti yake, aliyejifungua juzi. Akanyoosha mkono juu ya kaunta mpaka bega likagota. Gunia lilikuwa mbali, ukutani, nyuma ya muuzaji.

"Ndugu, mkono huu unafika kule?"

"Haufiki, mama."

"Basi fundi, mwanangu, kigeuze kimtazame ambaye wake unafika."

Foleni ilicheka, na fundi naye. Muuzaji alifunga mdomo wa gunia kwa kamba.

"Kikigeuzwa, leo siuzi sukari."

Kicheko kilikatika. Nilishtuka, maana bibi hakuwa amemwita mtu yeyote mwizi. Sote tukamtazama bibi, kwa kuwa aliyejifungua alikuwa binti yake.

"Geuza," akamwambia fundi. "Binti yangu atakunywa uji wa chumvi."

Tuliondoka foleni nzima bila sukari, na mpaka leo sijasikia mtu akimlaumu bibi yule.