Noti Nne za Ukurasa wa Arobaini

"Hebu tuamulie, Mwalimu," wanafunzi wangu wawili waliniambia Jumamosi moja hapa Dodoma. Walikuwa wamebishana saa nzima, simu mkononi: katika nyimbo za piano za kale za Ulaya, upi ni mgumu kuliko zote kuupiga? Mmoja alitetea ule wenye noti nyingi zinazomiminika kama mvua ya mawe, mwingine ule unaodai kiganja cha jitu. Nilitaka kuwacheka. Ndipo simu yangu ikaita. Alikuwa binti wa rafiki yangu wa utotoni, akipiga kutoka Manyamanyama, Bunda. Mama yake amefariki, na wameshamzika baada ya sala ya adhuhuri.

Huenda nawe, msomaji, una rafiki ambaye humtafuti, ukijidanganya kwamba huna muda. Mimi muda nilikuwa nao. Nilichokosa ni uso wa kumtazama.

Tulikulia Musoma, nyumba zetu zikitazamana. Baba yake alikuwa fundi cherehani, Mwislamu mpole asiye na makuu. Mimi nililelewa na bibi yangu, muuza dagaa. Ukumbi wa shule yetu ulikuwa karibu na ziwa, na ndani yake mlikuwa na piano iliyoachwa na wamisionari. Panya walikuwa wameitafuna matumbo. Vibao vinne vilikuwa bubu: ukivibonyeza vinashuka vizuri, ila sauti hakuna.

Mwalimu wetu wa muziki, mtu wa Kiabakari mwenye mashati yaliyopigwa pasi mpaka yakang'aa, hakuwa na pa kumpata fundi wa piano. Basi akatunga sheria yake. Kidole kikifika kwenye kibao bubu, mdomo uimbe noti ile. "Noti haifagi," alikuwa akituambia. "Kibao kikikataa, we imba."

Sauti yangu ni ya kunguru mpaka leo. Kwa hiyo nilipopiga mimi, aliyeimba ni rafiki yangu, amesimama kuliani kwangu, mkono wake begani pangu. Alipopiga yeye, alijiimbia mwenyewe.

Mchana tulimsaidia bibi kugeuza dagaa ufukweni, jua likituchoma migongo, vidole vikinuka hata baada ya sabuni, michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa, ikitugonga meno. Huko ndiko tulikobishania nyimbo zilizokuwa kwenye kitabu kimoja tulichokuwa nacho. Kipimo chetu kilikuwa vile vibao bubu. Mimi nilitetea wimbo tuliouita Mbio, kurasa saba za vidole kufukuzana, unaovipitia vibao bubu mara nyingi hata huwezi kuhesabu. Yeye alitetea ule wa ukurasa wa arobaini, wa taratibu, noti chache, unaogusa kila kibao bubu mara moja tu.

"Kwenye Mbio ukikosea hakuna anayejua," alikuwa akisema. "Huu wa arobaini unakuachaga peke yako."

"Nyie mnabishanaga nyimbo, kunguru wanashibaga dagaa zangu," bibi alitukemea, nasi tukaenda kuwafukuza tukiendelea kubishana.

Tulipokuwa kidato cha pili, shule moja ya Mwanza ilikubali kumsikiliza mwanafunzi mmoja kutoka kwetu. Akiwaridhisha, watamchukua asomee muziki. Mwalimu alimchagua yeye. Mimi niliambiwa nimsindikize nikamfungulie kurasa. Kuchagua wimbo alituachia wenyewe. "Chagueni ule mgumu. Si ndo mnaubishaniaga kila siku?"

Nilimbishia rafiki yangu siku tatu mfululizo. Nikamwambia wa arobaini ni wimbo wa wagonjwa, watamcheka. Mbio ulikuwa ukimtoa jasho, nami nilijua. Nilikuwa na wivu, na sitaki kuupamba kwa jina lingine. Mwenzangu hakupenda ugomvi. "Haya, umeshinda," alisema.

Piano ya Mwanza ilikuwa nzima. Sisi hatukuwahi kugusa nyingine zaidi ya ile yetu, na mwalimu hakukumbuka kutuonya. Kidole chake kilipofika kwenye kibao cha kwanza kati ya vile ambavyo kwetu vilikuwa bubu, kibao kikaitika, naye tayari alikuwa ameimba, kwa sauti ile ya kujaza ukumbi. Walimu waliokuwa wakimsikiliza wakatazamana. Mara ya pili, mmoja akacheka. Mara ya tatu alifunga mdomo, na kidole nacho kikagoma kushuka. Kwenye Mbio hakuna pa kuvuta pumzi. Akaacha kupiga. Akanitazama mimi.

Hakulia njiani. Basi lilipofika Bunda alisema neno moja tu: "Kumbe piano zinakuwaga nzima."

Hakugusa piano tena. Alikaa kwenye cherehani ya baba yake, akaja kuolewa Bunda. Mwaka uliofuata mwalimu alinipeleka mimi. Nilipiga ukurasa wa arobaini, mdomo nimeufunga. Wakanichukua. Sikumwambia rafiki yangu nilipiga wimbo gani, naye hakuniuliza.

Nilifika Manyamanyama siku ya pili ya msiba. Cherehani yake ilikuwa ukutani, kitambaa bado kimebanwa chini ya sindano. Binti yake alinikaribisha mkekani, akakaa karibu yangu.

"Mamdogo, Mama alituambiaga we unajua muziki. Alikuwaga akishona anaimba noti moja, ananyamaza, anashona weee, halafu anaimba nyingine. Nne tu. Tulikuwaga tunamcheka. Hivi ule ni wimbo gani?"

Akaniimbia zote nne. Nilijifunika khanga usoni. Nilimwambia binti sijui, na huo ni uongo wangu wa mwisho kwa mama yake.

Kesho yake nilipanda hadi Musoma. Nilipita Kiabakari alikozikwa mwalimu wetu wa muziki, nikaipita njia ya Butiama, nikafika ziwani. Nyumba ya bibi ina wapangaji nisiowajua, na ufukwe wake wa dagaa umezungushiwa ukuta. Ukumbi sasa ni stoo ya madawati mabovu. Mlinzi aliniambia piano ilipasuliwa kuni zamani. Nilisimama mlangoni mpaka akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Niliporudi Dodoma, wanafunzi wangu walikuwa hawajamaliza ubishi wao. Nilikaa kwenye piano yangu, yenye vibao vyote vizima, nikaanza wimbo wa ukurasa wa arobaini. Nilipofika kwenye noti ya kwanza kati ya zile nne, nikainua kidole, nikasubiri.

"Mwalimu," mmoja aliniambia kwa upole, "umesahau?"