Kisanduku cha "Nimeridhika"

Siku yangu ya kwanza kazini, mwaka 2017, Sajenti wa Malalamiko alinikabidhi muhuri wa tarehe akasema, "Hapa hatuamui nani mkweli. Pokea, gonga, faili." Nikaitikia sawa, bosi. Moyoni nikajiuliza, sasa mkweli anajulikana wapi? Nimestaafu, wanangu, na bado sijapata jibu la kueleweka.

Ilikuwa jela ya kaunti huku ughaibuni, nami nilikuwa nina-drive kutoka mji wa jirani, Grand Prairie, kila asubuhi. Nyinyi mnaosomea sheria mnapenda maneno makubwa, basi nisikilizeni mimi karani. Mahabusu akitaka kuishtaki jela katika mahakama ya shirikisho, sharti kwanza amalize ngazi za malalamiko humo humo ndani: fomu ya kwanza, jibu, kisha rufaa kwa Kapteni ndani ya siku chache. Akiruka ngazi moja, kesi inatupwa.

Ndipo akaja Baba Furaha, fundi cherehani, Mkongo wa mtaa wa Vickery Meadow. Mlango wa selo ulimbana mkono wa kulia, na ofisa wa zamu akakataa kumpeleka zahanati siku nne nzima. Mfupa ukaunga vibaya. Alijaza fomu kwa mkono wa kushoto, maandishi utadhani kuku kaparura. Yule ofisa akaenda mwenyewe kumwomba radhi.

Jibu nilimpelekea mimi. Chini kulikuwa na visanduku viwili, "nimeridhika" na "nakata rufaa".

"Baba, na mkono wenyewe haukunji ngumi?" nikamuuliza.

"Mama, ule bwana aliniomba musamaha. Nimushitaki tena? Ni tabia gani ile?"

Mimi mtu wa Tanga nikaona huyu kalelewa kweli kweli. Kaombwa radhi, kasamehe, yameisha. Nikamwonyesha pa kuweka alama na pa kutia sahihi. Jamani! Sikumwambia kwamba kesi yake inafia hapo, na nilikuwa najua.

Miezi ikapita, bado yumo ndani, mkono ukawa haushiki hata kijiko, seuze mkasi. Akashtaki. Luteni wa Kumbukumbu akaniita.

"Wewe ndiye mtunza faili. Kula kiapo kwamba hakuna rufaa."

"Lakini Luteni, alikuwa kamsamehe ofisa."

"Kusamehe siyo ngazi."

Nikaapa. Kila neno lilikuwa la kweli, lakini nilitoka pale nimevurugika kama niliyesema uongo. Jaji akaitupa kesi, na habari ya mkono haikufika kusikilizwa.

Mapema 2020, wiki niliyostaafu, kabla ya mambo ya barakoa, nikakutana na Baba Furaha dukani Vickery Meadow, ameshatoka, anachagua samaki wakavu. Nilitamani kugeuza. Nikasema yaishe.

"Baba Furaha, ile karatasi ya kiapo niliitia sahihi mimi."

"Najua, mama. Nilisha kukusamehe."

Msamaha wa mtu huyu nilishauona ulikompeleka. Sasa niupokee, au nimwambie aurudishe? Mpaka leo sijui. Yeye akahamishia mfuko kwapani, akanipa mkono wa kushoto, halafu akaniomba radhi kwa kunipa huo.