Kopo Lenye Picha ya Wimbi

Laban Osire alikuwa mtu wa kuudhi. Nasema hivyo mapema, kwa sababu siku hizi watu wa Busia wakimtaja humsifu tu, kana kwamba hawakuwahi kumtukana. Mimi nilimtukana sana. Niliuza uji karibu na baraza aliyopanga kwa kazi yake, upande wa Kenya, na nyundo yake ilinigonga kichwani kutwa nzima.

Alikuwa fundi wa bati. Alitengeneza koroboi, aliziba madebe yaliyotoboka, lakini kilichompa jina ni makopo ya akiba. Alikunja bati likawa kopo, akaacha mwanya mwembamba wa kupitishia pesa, kisha akaziba kila upande kwa risasi iliyoyeyushwa. Kopo halikuwa na kifuniko wala kufuli. Ukitaka pesa zako, ilibidi umrudie Laban alikate kwa mkasi wake, na likishakatwa halifai tena.

Na masharti yake, jamani! Kwanza alikuuliza, "Hili ni la nini?" Ukijibu kwamba ni la kuweka pesa tu, alikurudisha nyumbani ukafikiri. Jibu lako alilichora kwa msumari ubavuni mwa kopo, maana wengi wetu hatukujua kusoma. Langu alilichora nyumba ya mabati, na nyumba yenyewe ilikuwa imepinda kama imelewa. Pili, ulikatazwa kulikata mwenyewe. Ukilipasua kwa panga, hakutengenezei jingine maisha yako yote. Tatu, hakukata siku uliyoomba. "Rudi kesho," alisema, hata akimwona mtu analia. Kwa ajili ya mgonjwa tu ndipo alipoacha kila kitu akakata papo hapo, na hakutoza hata senti.

Krismasi moja niliona viatu vyekundu kwenye duka la Mhindi. Nikakimbia na kopo langu mpaka barazani.

"Kesho, Mama Awor," Laban akasema.

"Kesho vitakuwa vimeuzwa!"

"Basi vitakuwa vimeuzwa."

Nilimwita majina ambayo siwezi kuyarudia, nami ni mtu wa kanisa. Asubuhi yake hasira ilikuwa bado ipo, lakini hamu ya viatu ilikuwa imekwisha. Nikalirudisha kopo chini ya kitanda. Katika nyumba ile ya mabati ndimo ninamoishi mpaka leo, na haikupinda.

Watu walidhani Laban anachukia mikopo. Hapana. Yeye mwenyewe alikopa mara mbili, mara ya kwanza kununua mkasi na vyombo vya kuchomea, mara ya pili kununua suti ya harusi. "Mkasi ulijilipa wenyewe," alipenda kuniambia. "Suti niliilipa mimi, miaka miwili, na hapo tayari ilikuwa imenibana."

Sasa nije kwa Apolot. Huyu alikuwa mjane wa Kiteso kutoka Merikit, mbele ya Tororo, aliyekuja kwetu mara chache kuuza karanga. Mumewe alipofariki, wakwe walitaka mazishi makubwa, fahali achinjwe na pombe isipungue. Apolot hakuwa na kitu. Akaazima shilingi mia mbili kwa jirani yake Ilukor, na shamba lake la bondeni, lile zuri la wimbi, yaani ulezi, akaliweka rehani. Makubaliano yalikuwa kwamba Ilukor alilime na kula mazao yake mpaka siku atakayolipwa mia mbili zake. Wageni walikula siku tatu wakaenda zao. Apolot akabaki anapita kando ya shamba lake mwenyewe akimwangalia mtu mwingine akivuna.

Mwaka wa sitini na nne alimwendea Laban, akaulizwa lile swali, naye akajibu, "Ya shamba yangu." Laban akachora suke la wimbi. Tangu hapo, kila alichopata kwa pamba na karanga alikibadilisha kuwa noti, akakitia humo.

Ndipo ukaja mwaka wa sitini na saba. Kenya ilikuwa na noti zake na Uganda zake, na redio ikatangaza kwamba noti zile za zamani, tulizozitumia sote pande zote mbili za mpaka, zitakoma kupokelewa. Busia yote ikakumbuka makopo yake siku moja. Watu walijipanga barazani kwa Laban mpaka wakaziba njia ya wateja wangu. Hakumwambia mtu arudi kesho. Alikata tangu asubuhi mpaka vidole vikavimba, na baada ya siku kadhaa vipande vya bati vilikuwa vimejaa miguuni pake, kila kimoja na picha yake: ng'ombe, baiskeli, cherehani.

Jioni ya siku ya mwisho ya msongamano ule niliona anavipinduapindua.

"Unatafuta nini?" nikamuuliza.

"Wimbi," akasema. "Yule mama wa Merikit hajaja."

"Si atakata mwenyewe? Panga analo."

Alfajiri alifunga mkasi kwenye baiskeli yake akavuka mpaka. Zilikuwa zimebaki siku mbili tu noti zile zife. Yaliyofuata alinisimulia mwenyewe, na baadaye Apolot akanisimulia tena kwa maneno yake, na hawakutofautiana.

Alifika Merikit alasiri, vumbi mpaka kwenye kope. Alimkuta Apolot amekaa mlangoni, mguu mmoja umefungwa kitambaa, kopo liko mapajani.

"Karibu, fundi," Apolot akasema. "Mimi nangoja wewe."

"Mama, ulisikia habari ya noti?"

"Nasikia kwa kanisa, Jumapili mbili sasa. Lakini mguu nakataa barabara."

"Mbona hukulikata?"

Apolot alimtazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kitoto. "Wewe nasema nisikate. Nasema mkono yako tu. Basi mimi najua fundi atakuja."

Laban aliponisimulia alifika hapo, akachukua nyundo, akaiweka tena. Aliona aibu, na mimi sikumwonea huruma. Masharti yake yalitufaa sisi tuliokuwa karibu, tukaweza kumtukana na kurudi kesho. Huyu mama wa mbali aliyashika kama amri za Mungu, na nusura yamlie shamba lake.

Alitoa mkasi. Apolot akalifunika kopo kwa mikono yote miwili.

"Leo? Si wewe nasema kesho?"

"Kwa mgonjwa nakata papo hapo, mama."

"Nani mgonjwa?"

"Pesa zako."

Akacheka, akaachilia. Ndani mlikuwa na shilingi mia mbili kamili. Zilipotimia, mguu ukiwa tayari unaumwa, aliacha kuongeza, maana kichwani mwake hesabu haikuwahi kumpotea.

Jioni ileile walikwenda kwa Ilukor, Apolot akijikongoja kwa fimbo. Ilukor aliwapa viti na maji ya kunywa. Alikuwa mtu mpole, na mpole wa namna hiyo ndiye wa kuchungwa. Aliziangalia noti bila kuzigusa.

"Toto, haraka ya nini?" akasema, akimwita mama kwa Kiteso. "Mguu yako naumwa. Mwezi ujao utaleta, mimi nakwenda wapi?"

Laban alikwishafungua kinywa, lakini Apolot alimbonyeza mguu kwa fimbo. "Asante, mwanangu," akamwambia Ilukor, akainuka. Walipofika njiani akasema, "Huyu nangoja pesa ikufe. Kesho peleka mimi Tororo."

Laban alilala jikoni kwa Apolot. Kulipopambazuka alimpakia nyuma ya baiskeli, akamsukuma kwenye vilima vyote. Benki ilikuwa na foleni iliyozunguka jengo, na Apolot alikaa chini akawa anasogea kwa makalio, noti ziko kifuani. Walipomfikia karani, alipewa noti mpya za Uganda, akazinusa.

Waliporudi aliwaita majirani wawili kwanza, ndipo akaenda kwa Ilukor. Safari hii Ilukor alizipokea noti. Alihesabu, akahesabu tena, akaomba tu avune wimbi iliyokwisha kupandwa.

"Vuna," Apolot akasema. "Hiyo jasho yako. Udongo ndiyo yangu."

Laban alipokuwa akifunga mkasi wake tayari kuondoka, Apolot aliuliza malipo ya kukata ni kiasi gani. Laban akasema waache hayo.

"Miaka tatu mimi nalala na deni," mama akamjibu kwa ukali. "Leo unataka nilale na ingine?"

Shilingi hakuwa nayo, kwa hiyo alimkamata kuku, akamfunga miguu, akamtundika kwenye usukani. Nilipomwona Laban anaingia Busia na kuku anapiga kelele mbele yake, niliita soko zima lije kutazama. Kuku yule alitagia kwenye vipande vya bati kwa miaka mingi.

Baada ya mavuno yaliyofuata, Apolot alikuja, mguu umepona, na gunia la wimbi yake mwenyewe. Alinipimia kibaba cha wimbi ya uji bure, kisha akaenda kwa Laban akaomba kopo jipya.

"Hili ni la nini, mama?"

"Mazishi yangu."

Laban alishika msumari, akakosa la kuchora. Niliacha uji ukaungua, nikimtazama.

"Chora wimbi," Apolot akamwambia. "Ni shamba ile ile. Siku hiyo ikifika, hakuna mtu ataweka shamba rehani tena."