Povu Nililomwokolea Fundi Wafula

Mafundi wa Uthiru bado wananicheka. Wacheke. Niliacha shule darasa la saba, lakini hata aliyemaliza angefanya nilichofanya mimi.

Niliwahi kuwabebea makaa watengeneza sufuria, na kwao niliona sheria moja: umbo la mbao hutolewa mchangani kabla ya alumini kumiminwa. Baadaye Fundi Wafula, anayetengeneza vipuri vya injini, akanipa wiki moja ya majaribio. Siku ya tatu nikamwona akifukia mchangani umbo la povu jeupe, lile gumu la kufungia televisheni. Alikuwa amelichonga kwa siku nne, na matawi yake yote, mfano wa bomba la hewa la trekta ya Mama Njeri. Kisha akaenda kwenye tanuri kuyeyusha alumini.

Nikajiambia, mzee amesahau. Nikalifukua kwa vidole. Tawi moja likavunjika, lakini ningelaumiwaje mimi na aliyesahau ni yeye?

Fundi akarudi na chungu cha alumini inayotoa moshi, Mama Njeri nyuma yake.

"Simama, Fundi!" nikapaza sauti, nikiinua povu. "Ulitaka kumimina na hii iko ndani!"

Fundi akaganda.

"Wafula, huyu umemtoa wapi?" Mama Njeri akauliza.

"Si inafaa iwe ndani, wewe!" Fundi akafoka. "Alumini ndiyo inaichoma, inakaa pahali pake! Siku nne zangu!"

Sikulishusha lile povu.

"Sasa Fundi," nikasema, "si ungeniambia jana?"