Bega la Fundi Lagoma Kuamka

Fundi cherehani mmoja aliteleza ngazini, bega likapata mshtuko. Daktari akamwambia aupumzishe mkono wiki moja. Sasa fundi naye ni fundi: akajishonea mfuko wa kuuning'iniza mkono shingoni, una bitana laini ndani, pindo limepigwa uzi mara mbili. Ukamkaa vizuri, watu wakausifu, naye akauvaa miezi mitatu.

Alipouvua, mkono haukwenda popote. Ukifika usawa wa kifua unagoma kama punda. Mkasi haushikiki, kitambaa hakivutiki mezani, hata vifungo vya shati anafungwa na mkewe.

"Baba watoto," mkewe akamwambia, "likiendelea hivi, ushonaji ndio basi. Twende kwa yule bibi mchuaji."

Yule bibi, jamani! Kimo chake hakizidi stuli, lakini angelisinga jiwe mafuta lingejinyoosha lenyewe. Fundi akakuta kitanda kimetandikwa, akapanda, akalala, akafumba macho.

"Shuka!" bibi akasema. "Anayelala akashikwashikwa ni maiti anayeoshwa. Simama mezani, ukate kitambaa."

"Kitambaa kipi, bibi? Na mkasi sina."

"Kata hewa. Ukiiharibu hakuna mteja atakayelalamika."

Fundi akakata hewa. Bibi nyuma yake, dole gumba limezama chini ya kwapa. Mkono ukienda naye anakwenda nao, ukirudi anarudi nao.

"Bibi, unaniua!"

"Ningekuwa nakuua ungekuwa umenyamaza. Haya, shati la mikono mirefu."

Hapo ndipo fundi alipoyaona maajabu. Lile bega lililokuwa gumu kama mpini likaanza kutembea ndani ya nyama, kama paka chini ya blanketi. Miaka thelathini amepima mabega ya watu, wala hakujua kwamba chini ya kitambaa kuna shughuli yote ile: bega likisogea, mfupa wa mgongoni unateleza, mbavu zinafunguka, hata kisigino nacho kimo safarini! Akamaliza shati, akakata koti, joto likampanda mpaka masikioni.

"Sasa pazia," bibi akasema. "Dirisha refu, usinikatie la choo."

Kwa mazoea ya kazi, mkono ukaufuata urefu wa pazia. Ukapita kifua. Ukapita kidevu. Ukapita kichwa. Mkewe akashika mdomo. Bibi alikuwa ameshatoa mikono yake zamani, anajifuta mafuta kwenye taulo, na fundi hana habari.

Alipoinua macho akauona mkono wake uko juu, vidole vimekunjuka. Akautazama kama mgeni aliyeingia bila hodi. Hakuthubutu kuushusha.

"Ushushe, fundi," bibi akamwambia. "Halafu upandishe. Mara ishirini kila siku. Mimi nimeuamsha tu, wa kuutembeza ni wewe."

Akaushusha polepole, akaupandisha tena, machozi yanamtiririka bila aibu, na mkewe pembeni anahesabu:

"Moja, baba watoto. Mbili..."